Lavington: Amka Mapema Ukamtafute Shorobo

Jumapili hii, msomaji mpendwa, usiketi nyumbani ukitazama runinga mpaka macho yakuume. Kama una watoto, waamshe mapema. Kama wewe ni mwanafunzi uliyechoshwa na vitabu, vifunge kwa saa tatu tu. Twende kwa miguu katika mtaa wa Lavington tukamtafute ndege ambaye wageni hutoka ng'ambo na kutumia pesa nyingi ili wamwone, ilhali wewe humpita kila siku ukiwa ndani ya matatu bila habari.

Ndege huyo anaitwa shorobo. Shorobo wako wa aina nyingi barani Afrika, lakini huyu wetu wa nyanda za juu amepewa na wataalamu jina la Gustav Hartlaub, Mjerumani wa mji wa Bremen aliyeandika sana juu ya ndege wa Afrika katika karne ya 19. Ukitoka Kenya, utampata mashariki mwa Uganda na kaskazini mwa Tanzania, basi. Kwingine kote duniani hayuko. Hapa Nairobi anaishi katika msitu wa Karura, na pia katika bustani za mitaa ya magharibi yenye miti mikubwa, Lavington ikiwa mmojawapo.

Ukubwa wake ni kama wa kuku mdogo mwenye mkia mrefu. Mwili ni wa kijani, kichwani ana kishungi cheusi chenye samawati, na karibu na jicho ana doa jeupe kana kwamba kapakwa chokaa. Akiwa ametulia majanini, unaweza kumtazama usimwone. Lakini subiri aruke! Mabawa yakifunguka, utaona wekundu uliokolea kama damu, kisha atatua mti wa pili na wekundu utatoweka. Mwaka wa 1869 mwanakemia Mwingereza, Arthur Church, alionyesha kwamba rangi hiyo nyekundu ina madini ya shaba ndani yake. Ndiyo, shaba ile ile ya nyaya za umeme. Rangi ya namna hiyo ni ya jamii ya shorobo peke yao.

Sasa tufunge safari. Ukiwa katikati ya jiji, panda matatu za nambari 46 ziendazo Kawangware kupitia Yaya, ushukie Valley Arcade. Fika hapo mapema, kwenye saa kumi na mbili na nusu, kabla ya magari kuanza kelele na jua kuwa kali. Baada ya saa tatu ndege wengi hupumzika, nawe utabaki kuhesabu kunguru tu.

Kutoka Valley Arcade, fuata Gitanga Road, kisha ukunje kulia uingie James Gichuru Road mpaka maduka ya Lavington Green na kuendelea kuelekea kanisa la St Austin's. Kanisa hilo ndilo litakalokueleza kwa nini mtaa huu una miti. Wamishonari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa mwaka wa 1899, wakapanda kahawa. Baadaye mashamba yaligawanywa kuwa viwanja vikubwa vya nyumba za chini, kila nyumba na bustani yake, na kila bustani na miti yake. Binadamu alijijengea starehe, ndege naye akapata makao.

Usitembee kama mtu aliyechelewa kazini. Tembea hatua ishirini, simama, sikiliza. Wa kwanza kukupokea atakuwa kwarara, yule ndege mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye mdomo uliopinda, apigaye kelele za "haa! haa!" utafikiri amekanyagiwa mguu. Yeye hachokozi mtu, anatafuta nyungunyungu kwenye nyasi. Kwenye ua la mshubiri utaona chozi, ndege mdogo ang'aaye, akinyonya utamu kwa mdomo wake mwembamba. Kwenye ua wa michongoma utawaona kuzumburu wenye mikia mirefu wakipanda matawi kama panya. Ukienda kati ya Oktoba na Aprili, tazama pia juu angani, kwa maana keremkerem wa Ulaya huja kuepuka baridi ya kwao.

Hao wote ni wa kukufungulia macho. Shorobo anahitaji maarifa zaidi, nami nitakupa niliyojifunza.

La kwanza, usimtafute ndege, utafute mti. Shorobo hula matunda, na hakuna tunda alipendalo kama la mkuyu na mugumo. Miti hii haizai yote kwa wakati mmoja. Wiki hii unazaa huu, mwezi ujao unazaa ule. Kwa hiyo tazama chini barabarani. Ukiona vitunda vidogo vimepondwapondwa na magurudumu, inua macho, umefika mezani pake.

La pili, tumia masikio. Sauti yake ni nzito na ya kukwaruza, "kaa, kaa, kaa", nayo husikika mbali, hasa alfajiri. Mmoja akianza, mwenzake humjibu. Ukisikia majibizano hayo, simama dakika kumi bila kuongea. Waambie watoto wafanye mchezo wa kuwa sanamu, atakayetikisika amepoteza.

La tatu, tazama kile kinachokimbia juu ya matawi. Shorobo hukimbia juu ya tawi kama kindi, na huruka pale tu tawi linapokwisha. Si hodari wa kuruka masafa marefu. Hupenda kutoka mti hadi mti, bustani hadi bustani. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

La nne, jihadhari na darubini yako. Lavington ni mtaa wa kuta ndefu, nyaya za umeme na walinzi. Ukisimama nje ya lango la mtu ukielekeza darubini ndani, usishangae ukiulizwa maswali. Usiielekeze kwenye madirisha wala kwenye makao ya mabalozi. Msalimie mlinzi kwanza, umweleze unachotafuta. Utakuwa umepata mwalimu. Mlinzi anakesha usiku kucha, anaona kunapopambazuka, na anajua kila kiumbe kinachoingia na kutoka, chenye miguu na chenye mabawa.

Mimi hayo niliyajua kwa bahati. Asubuhi moja nilikuwa na binti yangu wa miaka kumi katika njia ndogo itokayo James Gichuru Road, tukikodoa macho juu ya ukuta. Mlinzi akatujia na rungu mkononi.

"Mzee, mnapima nyumba ya watu?"

"La, ndugu yangu, tunatafuta ndege. Wa kijani, mwenye mabawa mekundu."

Akacheka mpaka rungu likamponyoka. "Huyo? Huyo ni jirani yangu. Huu mwaka wa saba tunaonana. Ngojeni hapo, yuko karibu kuja kunywa chai."

Tukangoja. Haikupita robo saa, wakaja wawili. Walitua kwenye mugumo mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba, wakaanza kuchuma matunda. Mmoja akaruka hadi tawi la juu, na jua la asubuhi likapenya kwenye mabawa yake. Binti yangu alinishika mkono asiseme neno, naye ni mtoto asiyenyamaza hata kanisani.

Tulipokuwa tukiagana, yule mlinzi alisema kwa sauti ya chini, "Mrudi upesi, mzee. Hapa pameuzwa. Wanajenga magorofa."

Tulirudi baada ya miezi kadhaa. Tulikuta mabati yamezungushwa kiwanjani na lori likitoka na udongo. Mugumo haukuwepo. Mlinzi naye alikuwa amehamishwa, hakuna aliyejua wapi. Binti yangu akaniuliza, "Baba, sasa wanakula wapi?" Sikuwa na jibu.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Jirani mmoja wa mtaa huo alikuwa akikusanya maelezo kuhusu miti iliyobaki katika viwanja vilivyopakana na kile, maana miradi mingine ilikuwa njiani. Akaniuliza: umewaona ndege gani hapa, lini, wangapi? Nikajua kwamba nilikuwa nimekuja pale mara nyingi na sikuandika hata tarehe moja. Nilikuwa na hadithi tamu, lakini ushahidi sina.

Ndiyo maana nakusihi, msomaji, usiende bila daftari. Andika tarehe, saa, mahali, jina la ndege, idadi, na alikuwa akifanya nini juu ya mti gani. Dakika mbili tu. Miradi mikubwa ya ujenzi nchini hutakiwa kufanyiwa uchunguzi wa athari zake kwa mazingira, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi. Mtu akisema "tunapenda miti yetu", atasikilizwa kwa adabu tu. Akisema "shorobo wawili wamekula kwenye mti huu katika tarehe hizi kumi na mbili", ameweka jambo mezani. Daftari la mwanafunzi wa darasa la saba laweza kufanya kazi hiyo. Ukiwa na simu ya kisasa, unaweza pia kuziweka rekodi zako katika programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, bila malipo, wataalamu wakazisoma.

Nilikwambia ulikumbuke lile la kuruka mti hadi mti. Mugumo mmoja ukikatwa, si chakula tu kilichopotea, ni daraja lililovunjwa. Shorobo wa Lavington wanategemea miti inayofuatana bustani kwa bustani na kando ya mito. Kirichwa Kubwa, kwa mfano, hupita Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907. Kingo za mito hii ndizo barabara kuu za ndege. Ukizikata vipande vipande, kila jozi ya ndege hubaki kisiwani pake.

Wala usiseme maneno ya wananchi hayafui dafu. Mnamo Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda Karura kupanda miti wakipinga msitu ule kugawanywa, na leo familia hutembea humo. Mwaka wa 2020, barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mugumo wa miaka ipatayo mia kando ya Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe. Watu walipiga kelele, na mwezi Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaagiza usiguswe. Barabara yenyewe, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, inaishia kwenye makutano ya James Gichuru Road, juu tu ya mtaa huu tunaoutembea.

Jambo moja zaidi kabla hatujaachana. Ukimwona ndege adimu, utatamani kumwambia kila mtu. Waambie, kushirikiana ndiko utamu wa shughuli hii. Taja barabara, taja mti unaozaa, taja saa. Lakini kiota usikitaje. Watu ishirini wakifika siku moja kupiga picha, mama anaweza kukimbia na mayai yakapoa. Na kama ni kiota cha bundi, funga mdomo kabisa. Wako wengi kati yetu wanaoamini kwamba bundi huleta kifo, na jiwe halichelewi kurushwa. Bundi wa watu hana kosa. Anakula panya wako bure.

Ukiona peke yako huwezi, tafuta wenzako. Shirika la Nature Kenya, ambalo mizizi yake ni chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka wa 1909, lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, watu wakikutana kwenye Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill. Bi Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka wa 1971, akayaongoza kwa miaka mingi, na wengi wa waongozaji ndege mashuhuri nchini walianza hapo wakiwa vijana wasiojua kutofautisha mwewe na kipanga. Uliza kwanza ratiba na ada, kisha jitokeze. Darubini ukikosa, jirani atakuazima ya kwake kwa dakika moja, na hiyo dakika yatosha kukuambukiza ugonjwa huu.

Ukifika mwisho wa matembezi yako, kwenye saa tatu na nusu, nunua mahindi ya kuchoma, ukae na watoto kivulini, mlinganishe mliyoyaandika. Mkiwa hamkumwona shorobo, msife moyo. Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Binti yangu na mimi tulirudi Jumapili nne mfululizo baada ya mugumo ule kukatwa. Ya nne, tukamsikia mmoja upande wa bondeni, kisha wa pili akamjibu. Hatukuwaona. Lakini binti yangu alikwisha kutoa daftari, na kabla sijamwambia lolote alikuwa ameandika tarehe.