Nani Hulipa Gharama ya Nguo Rahisi?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya mtu tunayekutana naye hapa Songea pasipo kumtambua: mfanyakazi aliyerudi nyumbani baada ya kiwanda kufungwa. Tunamwona Lizaboni au Bombambili akihangaikia mbolea ya mahindi, nasi tunamwita mkulima. Hatumuulizi mikono yake ilikuwa na ujuzi gani kabla ya kushika jembe.

Mkoa wetu una kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Wazee wetu wengi walikwenda Tanga kukata mkonge, wakiitwa manamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikalitwaa soko la dunia, bei ikaanguka, mashamba yakageuka vichaka. Mkata mkonge hakuwa ametenda kosa lolote. Mambo yaliamuliwa mbali naye.

Viwanda vya nguo navyo vilipatwa na masaibu ya namna hiyo. Tunavikumbuka Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma. Soko lilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba na vitambaa vya nje viliingia kwa bei ambayo viwanda vyenye mashine chakavu na umeme usioaminika havikuimudu. Ni kweli kwamba uendeshaji mbaya nao ulichangia. Lakini mfumaji ndiye aliyefukuzwa, naye hakuwa mwendeshaji.

Haitoshi kuilaani mitumba. Imewavika watoto wa maskini na kuwalisha wachuuzi wa masoko yetu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya ushuru ya AGOA. Rwanda pekee ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Swali letu basi ni hili: ikiwa wengi tunafaidika na biashara hiyo, tuna wajibu gani kwa wachache wanaoilipia kwa kazi zao?

Wamarekani wenyewe walijiuliza hivyo. Mwaka 1962, wakati wa Rais Kennedy, sheria yao ya biashara iliweka msaada kwa wafanyakazi waliopoteza ajira kutokana na bidhaa za nje: fedha za kujikimu na mafunzo ya kazi nyingine. Wazo lilikuwa la haki. Hata hivyo masharti yalikuwa magumu mno, hata ikafika mwaka 1969 kabla kundi la kwanza la wafanyakazi kukubaliwa. Masharti yalilegezwa mwaka 1974, na tangu Julai 2022 mpango huo uliacha kupokea maombi mapya. Taifa tajiri nalo huchoka kuwakumbuka wanyonge wake.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa taarifa na kushauriana nao. Kiinua mgongo kilichowekwa ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, usiozidi miaka 10. Maana yake, mama aliyesimama kwenye mashine miaka 20 anaondoka na haki ya siku 70 tu. Mwaka 2018 likaja fao la kukosa ajira. Utaratibu wake uliweka asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Tunaishukuru hatua hiyo. Lakini kibarua asiyeandikishwa hapati kitu, na miezi 6 haitoshi kumfundisha mtu wa makamo ufundi mpya.

Tumewahi pia kuoneshwa na muumini mmoja hati za mshahara zenye makato ya kila mwezi, ilhali michango yenyewe haikufika kwenye mfuko. Huo ni wizi, na jina lake lisilainishwe.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kumsaidia asiye na kazi ni wajibu unaotokana na haki ya kuishi. Alikumbusha pia kwamba mwajiri si mwenye kiwanda peke yake; wanaopanga masharti ya uchumi nao hubeba dhamana.

Basi tusiishie kusikitika. Mwenye kijana kiwandani amhimize kukagua michango yake sasa, angali kazini. Jumuiya ndogondogo zimpokee anayerudi bila kumcheka, maana wengi huchelewa kurudi kwa aibu ya mikono mitupu. Nasi tuwaombe wawakilishi wetu kwamba kila mkataba wa biashara unaposainiwa, waulize pia: waliomo kiwandani watakula nini, nao watafundishwa kazi gani?