Klachi ya Datsun ya Baba

Marehemu baba alituachia Datsun 240Z, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Klachi ilipoanza kuteleza, injini inanguruma na gari halisogei, sisi ndugu wawili tuliamua kuibadilisha wenyewe, hapa hapa Temeke. Kumbe kuifikia pleti lazima ushushe propela na gia boksi nzima, nasi tuna jeki moja na matofali. Tukaomba Mungu atulinde.

Mama akauliza, “Wanangu, mnamwomba awalinde au mnamjaribu?”

Tulinyamaza. Fedha ya fundi tulikuwa nayo; ila fundi mwenyewe, rafiki ya baba, tulikosana naye msibani. Jioni tukabisha hodi kwake. Alitutazama kitambo, kisha akauliza pleti tumenunua ya ukubwa gani.