Samaki Asiyevuliwa kwa Ndoana: Safari ya Nuu



Mtu wa pwani akitajiwa Nuu, mashariki ya mji wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, hafikirii samaki. Nasi tulipotoka Mombasa, tukapita Kibwezi, Mutomo na Kitui, tulitarajia vilima, mibuyu na vumbi, na ndivyo tulivyokuta. Mito ya huko kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Wenyeji wa Kitui hujenga kuta za mawe kuikingama; mvua inyeshapo, ukuta huzuia mchanga, na mchanga huyahifadhi maji yasikaushwe na jua. Kiangazi kikifika, kina mama hufukua humo wakateka.

Jioni, nyumbani kwa mwenyeji wetu, mama mmoja aliyesilimu aliniuliza: "Sheikh, mafuriko yakipungua, mwanangu huniletea kambare aliowaokota katika vidimbwi vya mtoni. Hawakuvuliwa kwa ndoana wala kwa wavu, na wengine wamekwisha kufa. Niwapike au niwatupe?"

Nilimwambia kuwa sisi wa pwani twalijua jambo hilo. Uzio wa fito hauna ndoana: maji yakijaa samaki huingia, yakipwa hubaki. Kambare naye hujaaliwa kuvuta hewa ya juu, hivyo huishi katika tope ambamo samaki wengine hufa, hata mtoto akamshika kwa mikono.

Ama hukumu, samaki hana haja ya kuchinjwa, na mfu wake ni halali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata pwani, wa mtoni na wa baharini ni sawa. Mama huyo nilimsimulia habari za Abu Ubayda (r.a.) na jeshi la watu 300, waliokula majani kwa njaa hadi bahari ikawatupia samaki mkubwa mno. Kwanza Abu Ubayda alisita, akidhani ni mzoga. Kisha wakala siku nyingi. Waliporudi Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaambia kuwa ile ni riziki waliyotolewa na Mwenyezi Mungu, naye akala sehemu yake. Madina hapakuwa na dharura ya njaa ile. Basi uhalali wake haukuwa wa dharura tu. Ila samaki aliyeoza akawa na madhara haliwi, kwani kujidhuru ni haramu.

Mama akafurahi. Nami nikamuuliza: "Mwanao ana umri gani?"

"Miaka tisa."

"Huenda mtoni na nani?"

Akanyamaza.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa likiwapeleka wanakwaya harusini Nuu lilisombwa na mto Enziu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wazima, ndani ya gari kubwa. Mto uliokuwa mchanga asubuhi waweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, pale uliposimama pakiwa na jua.

Nilimwambia: "Mama, samaki wako ni halali. Lakini mtoto asiende peke yake, wala asishuke mtoni mpaka maji yatulie na mbingu ya juu ya vilima iwe nyeupe. Riziki iliyoandikwa yako haitakupita."

Alinijibu kuwa tangu siku ile atakwenda naye yeye mwenyewe. Nasi tuwaulize wetu waendao ufuoni: wanakwenda na nani? Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.