Alikuwa Hajakabwa

Nikipiga simu nyumbani Mombasa, mamangu huniuliza mambo matatu kwa mpangilio uleule: afya, baridi, na "hao Wakristo wenu wameshapatana?" Huu mwaka wangu wa 9 Belfast na swali hilo la tatu bado sijalipatia jibu fupi. Mamangu kalelewa Kibokoni. Kwake yeye Mkristo ni Mkristo. Kwamba Mkatoliki na Mprotestanti wanaweza kutengwa kwa ukuta mrefu kuliko nyumba, kisha ukuta huo ukaitwa wa amani, hilo halimwingii akilini kabisa.

Lakini kuta zipo, msomaji. Za mwanzo zilisimamishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1969, kati ya mitaa ya Falls na Shankill, na zilikusudiwa kuwa za muda tu. Muda ukarefuka. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 ulikomesha vita vilivyoua watu zaidi ya 3,500, ila kuta hazikushuka. Mwaka 2013 serikali ya Ireland ya Kaskazini iliahidi kuziondoa zote kufikia 2023. Mwaka huo ulifika, ukapita, na malango ya baadhi ya kuta hizo bado yanafungwa kila usiku.

Hizo ndizo za kuonekana. Zisizoonekana ni nyingi zaidi. Watoto zaidi ya 9 katika kila 10 wanasoma shule ambazo kwa desturi ni za upande mmoja. Jina lako linakutaja, mtaa wako unakutaja, hata namna unavyoitamka herufi H inakutaja. Anna Burns, mzaliwa wa hapa, aliandika riwaya ya Milkman iliyopata tuzo ya Booker mwaka 2018, na ndani yake wahusika karibu wote hawatajwi kwa majina. Msomaji wa mbali anaweza kusema hizo ni mbwembwe za uandishi. Ukikaa hapa unaelewa: ukimtaja mtu jina, umeshamweka upande.

Sisi wageni tuna kichekesho chetu cha lazima, kila mtu ataambiwa mwezi wake wa kwanza. "Wewe ni Muislamu, sawa. Lakini Muislamu wa Kikatoliki ama wa Kiprotestanti?" Unacheka kwa adabu. Halafu siku mtoto wako anataka kucheza mpira, unagundua kumbe si kichekesho.

Kwa sababu hapa mchezo nao una dini. Ukicheza soka ya Kigaeli, wewe ni Mkatoliki. Raga kwa miaka mingi imekuwa mchezo wa shule za Waprotestanti. Kandanda wanacheza wote, ila angalia jezi: mwenye ya Celtic na mwenye ya Rangers wanashabikia timu za Glasgow, ng'ambo ya bahari, na bado jezi hizo zinatosha kuzusha ugomvi kituo cha basi.

Hapo ndipo mpira wa kikapu ulipopata nafasi. Ndugu wawili Wamarekani, Sean na Brendan Tuohey, walianzisha shirika la PeacePlayers mwaka 2001. Kazi ilianzia Durban, Afrika Kusini, na mwaka uliofuata ikaja Ireland ya Kaskazini. Wazo lao lilikuwa jepesi. Chukua shule mbili za msingi zilizo jirani, moja ya Wakatoliki na moja ya Waprotestanti, uchanganye watoto wao katika timu zilezile. Si timu ya huku dhidi ya timu ya kule, hapana. Huko ni kuwapa vita vingine vyenye refa. Changanya kwanza, ndipo washindane.

Na kikapu kinafaa kwa kazi hiyo. James Naismith alipoubuni mchezo huu Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, alikuwa anatafuta kitu cha kuchezwa ndani wakati wa baridi bila vijana kuumizana. Akakataza kukimbia na mpira mkononi. Usipokimbia nao, hakuna sababu ya kukuangusha; na usipoweza kukimbia nao, huna budi kuutoa. Kudunda kulikuja baadaye, lakini msingi ulibaki. Watu 5, uwanja mdogo, na mpira ambao hauwezi kukaa mkononi mwako. Utampa nani? Utampa aliye wazi.

Mwanangu alianza akiwa na miaka 10, katika mradi mmoja wa mtaani unaofuata njia hiyohiyo. Anavaa hijabu. Namshukuru Mungu hakuzaliwa mapema, maana shirikisho la dunia, FIBA, lilikuwa halikubali vazi la kichwani katika mashindano yake hadi kanuni ilipobadilishwa mwaka 2017. Timu yao ilikuwa na wasichana wa pande zote mbili, na yeye asiye wa upande wowote. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikikaa kwenye benchi la wazazi nikiona jinsi mama wa huku na mama wa kule wanavyoacha nafasi katikati, na nafasi hiyo ndiyo niliyokuwa nakalia mimi. Nilikuwa kama mto wa sofa. Nilisalimiwa na wote.

Kisha ikaja Agosti 2024.

Wasichana wadogo watatu walikuwa wameuawa kwa kisu Southport, Uingereza, mwishoni mwa Julai. Uongo kuhusu muuaji ukasambaa mitandaoni, kwamba ni Muislamu, kwamba kaja kwa boti. Tarehe 3 Agosti waandamanaji walijaa katikati ya Belfast, na kabla ya usiku kuisha maduka ya wahamiaji yalikuwa yamevunjwa na kuchomwa. Humo mtaani zilionekana bendera mbili ambazo kwa kawaida hazikai pamoja: ya Uingereza, na ile ya rangi tatu ya Ireland. Waliozibeba walisimama bega kwa bega.

Mamangu alipopiga simu nilimwambia: "Mama, wamepatana." Alinyamaza. Sisi tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mwaka huo tembo walipatana kwa siku moja, na nyasi ndizo zilizowaka moto.

Toka hapo nina shida na neno "umoja". Zamani nililipenda lilivyo. Sasa nikisikia watu waliogawanyika wameunganishwa, nauliza: juu ya nini, na nani kawekwa nje ili mlango ufungike? Kuna umoja unaotafuta adui wa tatu. Ni wa haraka, hauna gharama, na hauhitaji kocha.

Mazoezi yalipoanza tena, ukumbi ulikuwa ng'ambo, mtaa ambao wiki chache nyuma nisingethubutu kuupita. Baba yake alisema asiende. Mimi nikasema tumpe wiki mbili. Yeye mwenyewe hakusema kitu, alikuwa anapakia viatu. Tulimpeleka wote wawili, tukakaa garini mlangoni kama askari.

Wakati wa kurudi ndipo alipotuambia, kwa sauti ileile ya kutuambia kuna kazi ya hesabu, kwamba kaka wa mwenzake mmoja wa timu alikuwepo siku ile. Kwenye maandamano. Huyo dada alimwambia mwenyewe, huku akiangalia chini.

"Na wewe ukafanyaje?"

"Tukacheza."

"Ulimpa mpira?"

"Alikuwa hajakabwa, Mama. Ningempa nani?"

Baba yake alizima redio. Hakuna aliyesema neno mpaka nyumbani.

Najua jibu hilo ni tamu, na utamu ndio unaonitia wasiwasi. Mtafiti Salma Mousa aliwahi kulipima jambo hili kwa kandanda, kaskazini mwa Iraki baada ya ISIS. Aliziingiza timu za Wakristo kwenye ligi, nyingine zikaongezewa wachezaji Waislamu na nyingine zikaachwa za Wakristo watupu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Waliochanganyika walielekea zaidi kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi 6 baadaye. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, mabadiliko yalikuwa hafifu. Walimpenda mwenzao wa timu. Mgeni alibaki mgeni.

Basi huo ndio mpaka wa kikapu, na mimi nimeukubali. Hakitamfikia kaka yake yule msichana. Yeye hachezi. Kuta nazo haziangushwi na wasichana wa miaka 13. Zinahitaji wanasiasa walioahidi, pesa za nyumba, na shule ambazo watoto wataingia pamoja asubuhi badala ya kukutana Jumanne jioni. Anayesema mpira utafanya kazi hiyo yote anawatwika watoto mzigo wa wakubwa.

Ila kuna kitu kimoja mpira unacho na yale maandamano hayana. Maandamano yaliwaunganisha watu bila kuwataka wajuane. Uwanjani huwezi. Lazima ujue huyu anapenda mpira wa chini, huyu mkono wa kushoto hafai, huyu akikosa mara mbili anavunjika moyo. Mwanangu anayajua hayo yote kuhusu yule dada, na yule dada anayajua ya kwake. Siku nyumbani kwao litatajwa neno "wao", msichana mmoja mezani atakuwa na jina kichwani. Atalisema? Sijui. Pengine atanyamaza na kula chakula chake. Lakini atakuwa nalo.

Mama yake siku hizi anakaa karibu nami benchini. Hatujazungumza kuhusu Agosti. Tunazungumza kuhusu refa, ambaye wote wawili tunaona hatutendei haki. Wiki iliyopita aliniuliza jina langu linatamkwaje. Nikamtamkia polepole, naye akarudia mara tatu mpaka akalipata.