Zamu ya ng'ombe na siku 21 zilizopotea

Katika familia moja ya Nkowe, wilayani Ruangwa, ugomvi haukuanzia kwenye shamba la korosho wala kwenye nyumba ya urithi. Ulianzia bandani, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu.

Mama wa familia hiyo alimnunua akiwa mtamba, chotara wa maziwa, kwa fedha za msimu mzuri wa korosho. Kwa miaka kadhaa alimhudumia peke yake. Kisha akapata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Kazi ikabidi wagawane watatu: binti mkubwa, binti mdogo na wifi yao, mke wa kaka yao anayefanya kazi Mtwara. Kila mmoja siku mbili kwa wiki, Jumapili wajukuu. Maziwa ya asubuhi yauzwe, fedha zinunue dawa za mama za shinikizo la damu. Ya jioni achukue mwenye zamu.

Ukiusikia mgawanyo huo utasema ni wa haki kabisa.

Kufanya kazi pamoja si jambo geni Nkowe. Wakati wa kupalilia ufuta au kuezeka nyumba majirani huitana, hupika, kazi ikaisha. Lakini mifugo mikubwa ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya kusini ilikuwa na mbung'o, na wazee wengi hawakukulia kwenye mazizi. Mila za shamba zipo, za bandani kila familia hujitungia. Tena shamba husubiri. Ukiumwa leo, utapalilia kesho. Ng'ombe anakula leo, anakunywa leo, anakamuliwa leo asubuhi na jioni, iwe sikukuu, uwe msiba.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Ilipofika Agosti maji yakawa ya shida. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 50 kwa siku na zaidi, yaani si chini ya madumu mawili na nusu. Mabinti walikuwa na vijana wenye baiskeli, waliobeba madumu matatu kwa safari moja. Wifi, mumewe yuko mbali na watoto wake wangali wadogo, alibeba kichwani dumu moja moja. Siku zake mbili zilikuwa na uzito wa siku nne za wenzake, ila kwenye hesabu zilibaki mbili.

Hakusema. Mke wa mtu akilalamikia maji ya mkwewe, wapo watakaosema hampendi. Akawa anamaliza kazi na kuondoka moja kwa moja.

Jioni moja akamkuta ng'ombe analialia, majani hayagusi, na ute mweupe unaning'inia nyuma kama ute wa yai. Ndama alikuwa ametimiza miezi mitatu, kwa hiyo mama yake alikuwa tayari kupandwa tena. Dalili hizo hazikai. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja. Akionekana asubuhi, apelekewe dume jioni ileile. Akionekana jioni, iwe kesho yake asubuhi.

Wifi akamtuma mtoto: "Kamwambie shangazi yako ng'ombe anataka dume." Mtoto akakuta wenzake wanacheza mpira. Asubuhi binti mkubwa akamkuta ng'ombe ametulia, akamkamua, akaenda shambani. Habari zilipomfikia, na dume la jirani lilipoletwa jioni hiyo, ng'ombe alilikataa.

Ikabidi kusubiri siku 21. Zilipotimia ilikuwa zamu ya binti mdogo, naye alikuwa Ruangwa mjini kufuatilia malipo ya ufuta. Kijana wake aliona ng'ombe hatulii, akadhani tumbo linamsumbua, akanyamaza. Siku 21 nyingine zikapotea, na maziwa ya uzao unaofuata yakasogea mbele kwa kiasi hichohicho.

Wakati huo maziwa ya sasa yalikuwa yanapungua, maana siku nyingine maji hayakutosha. Wiki moja fedha za dawa hazikupatikana. Mama hakumwambia mtu. Alikaa bila vidonge mpaka usiku alipozidiwa, akapakiwa kwenye bodaboda kupelekwa hospitali, mjukuu amemshika kwa nyuma asidondoke.

Kesho yake binti mdogo akatamka neno ambalo baadaye alilijutia: "Angekuwa ng'ombe wa kwao, angemwangalia."

Wifi akaweka ndoo chini, akaenda kwake. Kwa siku mbili banda halikuwa na mtu wa zamu. Ng'ombe akalia mpaka majirani wakaja kuuliza.

Mama aliporudi akawaita wote watatu barazani. Kwa maneno yake ya polepole hakuuliza nani mkosaji. Alimuuliza kila mmoja: "Siku ile wewe uliona nini?" Walipoeleza ikaonekana kwamba kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyekuwa nazo zote. Ndipo wifi akaeleza na habari ya maji.

"Mbona hukusema, wifi?" binti mkubwa akauliza.

"Ningemwambia nani? Mimi nikija nyie hampo. Nyie mkija mimi sipo."

Hapo ndipo penye funzo. Zamu iliwapunguzia kazi, lakini iliwaondolea kukutana. Walipokuwa wanamsaidia mama pamoja, habari zilipita zenyewe kwenye maongezi. Walipogawana siku, hakuna aliyekumbuka kugawana habari. Ndivyo inavyotokea hata kwa ndugu wanaopokezana kumuuguza mzazi: huyu amempa dawa, yule hajui, anampa tena.

Mama akapanga upya. Maji yakatoka kwenye zamu. Kijana wa baiskeli atayaleta kila siku, na atalipwa kwa fedha ya maziwa ya jioni ya Jumapili. Pili, hakuna kuondoka bandani bila kupita barazani na kumwambia mama: amekula? Amemaliza maji? Kiwele kikoje, kina uvimbe au joto? Umeona nini kipya? Mama ambaye wote walidhani kazi yake imebaki kuhudumiwa tu, akawa ndiye mwenye habari zote.

Tatu, akaomba bakuli na korosho 21 kutoka kwenye debe. Kila asubuhi, kwa mkono wa kushoto, hutoa moja. Zikibaki tatu huwaambia wote, hata wajukuu: "Fungueni macho."

Binti mdogo alikwenda kwa wifi yake kuomba radhi, akiwa amebeba dumu la maji kichwani. Hawakuongea sana.

Dalili ziliporudi zilionekana wakati wa kukamua asubuhi. Jioni dume lilikuwa bandani. Mama akajaza bakuli upya, zikaisha, ng'ombe kimya. Akajaza tena kwa uhakika. Sasa wanajua kwamba miezi 2 kabla ya kuzaa ng'ombe ataachwa bila kukamuliwa, kwa hiyo wameanza kuweka akiba ya dawa mapema.

Bakuli lilipokuwa tupu kwa mara ya pili, na ng'ombe bado anacheua kwa utulivu, mama aliwaita wajukuu, akawapa zile korosho 21 wakazichome.