Karte ya mtoto aliye Marekani: arudishiwe feza ao apewe safari?

Juma hili tunaandika juu ya karte ya kredi, kitu ambacho kati yetu hakuna hata mmoja aliye nacho. Sisi ni wamama 25 wa kundi moja la AVEC huku Kadutu. Tunauza sambaza, unga wa muhogo, makala na nyanya. Benki yetu ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinalala katika nyumba tatu. Lakini karte hiyo iliingia katika mkutano wetu wa Jumamosi, ikatugawanya miezi mingi, na tumeona vizuri tuwasimulie wenzetu, kwa maana kuna nyumba nyingine Bukavu ambazo zina mtoto ng'ambo.

Ilianza na mama mzee mmoja wetu. Binti yake anaishi Marekani, katika jimbo la Kentucky, anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kila miezi mitatu alikuwa anatuma dola 60 na kidogo, na yule mama alikuwa anatuambia, "Hii si mshahara wake, ni feza ya karte." Hatukuelewa. Tulifikiri labda ni msaada wa serikali. Siku moja binti alipiga simu katikati ya mkutano, mama mzee akaweka sauti ya nje, na tukamwomba atueleze pole pole.

Alitueleza hivi. Kule mara nyingi mtu hanunui na feza taslimu. Benki inampa karte, anaitumia kulipia chakula, mafuta ya gari, umeme, na benki inalipa muuzaji. Mwisho wa mwezi benki inamletea hesabu. Akilipa yote siku hiyo, halipi faida hata senti. Na juu yake, benki inamrudishia kidogo: kwa karte yake ilikuwa dola 2 kwa kila dola 100. Yeye alikuwa anapitisha karibu dola 1,100 kwa mwezi, basi anarudishiwa 22. Miezi mitatu, 66. Hizo ndizo alizokuwa anamtumia mama yake kwa dawa za tansio.

Mmoja wetu aliuliza swali ambalo sisi wote tulikuwa nalo mdomoni: benki inapata faida gani kumlipa mtu aliyekula? Binti alicheka. Alisema muuzaji anakatwa asilimia 2 ao 3 kila mara karte inapopita, na zawadi inatoka kwanza hapo. Na nyingine inatoka kwa wale wasiomaliza kulipa. Mtu akiacha deni mwisho wa mwezi, linaanza kuzaa asilimia 20 na zaidi kwa mwaka. Kwa maneno mengine, anayechelewa anasaidia kumlipia zawadi anayewahi.

Tulinyamaza kidogo. Kwetu pia faida ya sanduku inatoka kwa anayekopa. Lakini kwetu, tukivunja sanduku mwisho wa mwaka, aliyekopa naye anagawiwa faida kadiri ya sehemu zake, pamoja na sisi wote. Wanaotufundisha mambo ya AVEC wanasema namna hii ilianza mwaka 1991 huko Maradi, nchi ya Niger, na wamama wa shirika la CARE. Wamama wa Maradi walikuwa na akili.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Mwanzo wa 2023 binti alimwambia mama yake kwamba kuna karte ya namna nyingine. Hiyo hairudishi feza. Inatoa pointi za safari, na pointi zikiwa nyingi unapata tiketi ya ndege. Alitaka kuacha ile ya kwanza na kuchukua hiyo, ili aje. Alikuwa hajamwona mama yake miaka tisa. Na mama mzee alijibu mbele yetu, bila kungoja: "Mwanangu, dola sitini sizitaki tena. Nataka macho yako."

Hapo ndipo kundi liligawanyika. Hatutaficha. Wengine tulisema mama mzee ana haki, mtu ni mtu. Wengine tulisema: na dawa? Tansio haingoji ndege. Mama mmoja anayeuza makala, na ambaye haogopi kusema, alisimama akasema wazi kwamba ile safari itamzika mama mzee kabla haijafika. Aliongeza kwamba dola 22 kwa mwezi unaziona, unazihesabu, lakini pointi ni hewa. Hakuwa mjinga. Binti mwenyewe alikubali kwamba benki inaweza kupunguza nguvu ya pointi wakati wowote, kwamba pointi za namna fulani zinakufa zisipotumiwa, na kwamba karte hiyo inaomba dola 95 kila mwaka, uende safari ao usiende.

Kwa hiyo tulifanya hesabu. Sisi tunajua hesabu. Anayegawa sambaza kwa kikombe anajua hesabu. Mwandishi wetu wa kundi aliziandika nyuma ya daftari la mikopo. Karte ya kurudisha feza, kwa miezi 18: dola 22 mara 18, ni dola 396. Karte ya safari: benki ilimwahidi pointi 60,000 za kumkaribisha kama angetumia dola 4,000 katika miezi mitatu ya kwanza. Na pointi moja kwa kila dola: 1,100 mara 18, karibu 20,000. Jumla 80,000. Binti alikuwa ametazama, na kwa pointi hizo angepata tiketi ya kwenda na kurudi mpaka Kigali, yeye akilipa tu kodi za viwanja. Tiketi hiyo hiyo kwa feza, wakati wa kiangazi ambapo watu wote wanasafiri, ilikuwa dola 1,700. Ondoa 95 mara mbili, ondoa kodi, bado safari ilishinda mbali ile 396.

Lakini ilishinda kwa mtu aliyekuwa na nia ya kusafiri, na asiyeacha deni hata mwezi mmoja. Na ile dola 4,000 ilikuwa mtego. Kwa mwenendo wake wa kawaida angefika 3,300 tu. Zilibaki 700. Wengi kule, alisema, wananunua televisheni ili wafikie hesabu ya benki, kisha wanabaki na pointi na deni. Yeye alingoja mwezi wa kulipa bima ya gari ndipo akafungua karte, na bima ikajaza ile nafasi. Tulimpigia makofi katika simu.

Hapa tutoke kidogo kwenye hadithi, maana kuna mwenzetu mwingine aliyesikia hesabu hizo akaanza kulia. Mtoto wake naye yuko huko. Wakati wa kilio cha baba yao, familia ilimpigia simu usiku: sanduku la maiti, chakula cha watu, gari la kwenda kaburini. Alituma dola 1,500 asubuhi yake. Tulimsifu sana mtoto huyo kilioni. Hatukumuuliza alizitoa wapi. Alikuwa amezitoa kwenye karte, kama feza taslimu, na kumbe ukitoa feza taslimu kwenye karte ya kredi unakatwa ada, na faida inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, bila kungoja mwisho wa mwezi. Kwa asilimia 24 kwa mwaka, dola 1,500 zinazaa dola 30 kila mwezi. Yeye alikuwa anaweza kulipa 40. Basi mwanzoni deni lilikuwa linapungua kwa dola 10 tu. Baba amelala miaka mitatu, mtoto bado anamlipia benki. Mama yake hakujua mpaka siku ile. Tangu hapo katika kundi letu tumekubaliana: ukimpigia mtoto simu ya shida, uulize kwanza, "Hiyo feza unayo, ao utaikopa?" Ni swali gumu kuuliza wakati maiti iko ndani ya nyumba. Tunaliuliza hata hivyo.

Turudi kwa mama mzee. Dawa zilibaki. Mama wa makala alisema sanduku letu si la kulipia tiketi ya mtu wa Marekani, na kwa sheria zetu alikuwa na haki. Tulijadiliana mikutano miwili. Mwishoni tulikubali kutoa dawa kwenye kasha la mapendo, lile dogo la ugonjwa na vilio, kama mkopo usio na faida, kwa miezi 18. Mama mzee aliweka sehemu zake zote kama dhamana. Tuseme kweli: miezi mingine kasha hilo lilikuwa tupu, na mara mbili alikosa dawa juma zima. Mara ya pili alianguka kwenye ngazi akienda kuchota maji. Hakutaka tumwambie binti. Hatukumwambia, na mpaka leo hatujui kama tulifanya vema.

Mwezi wa nane 2024 tiketi ilipatikana. Lakini ilikuwa ya Kigali. Kutoka Kigali mpaka hapa kulikuwa na ugumu mwingine. Binti amekuwa raia wa Marekani, na Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Kwa hiyo ili aingie katika mji aliozaliwa alihitaji kuomba visa kama mgeni, na kuilipia. Karte haitoi pointi kwa hiyo. Likizo yake ilikuwa siku kumi. Rwanda inatoa visa uwanjani pale pale. Tukaona ni rahisi zaidi mama amfuate.

Hivyo ndivyo mama mzee wa miaka 71, ambaye hajawahi kupita Kamembe, alivyoanza safari. Pointi zilimleta binti kutoka Kentucky mpaka Kigali. Kutoka Kadutu mpaka Kigali zilihitajika feza. Feza ya teksi mpaka mpakani, ya karatasi ya CEPGL, ya basi, ya mtu wa kumsindikiza. Na mama wa makala, yeye mwenyewe, ndiye aliyesema atamsindikiza. Hakueleza kwa nini, nasi hatukuuliza. Kila mmoja wetu alitoa alichokuwa nacho, franka kwa dola.

Walivuka Ruzizi kwa miguu asubuhi mapema. Tulikuwa tumewafungia sambaza kavu na unga katika sashe za plastiki, na tulisahau kwamba upande wa pili plastiki imekatazwa tangu 2008. Waliwaambia watoe vyote. Mama wa makala akafungua kitenge chake cha juu, akamwaga unga ndani, akafunga, na wakaendelea. Basi lilipita msitu wa Nyungwe, karibu masaa sita mpaka Kigali. Mama mzee alitapika njia nzima, na alipotusimulia alisema baridi ya Nyungwe ilimkumbusha Kabare ya utoto wake.

Juu ya kukutana kwao hatuna mengi. Mama wa makala alisema tu kwamba binti alimpita mama yake mara ya kwanza pale kwenye kituo cha basi, akitafuta mwanamke mnene zaidi. Walikaa siku sita katika chumba kimoja cha kupanga. Walipika bugali na zile sambaza. Binti alimpeleka mama kwa daktari, akapimwa, dawa zikabadilishwa. Hapo ndipo ile habari ya ngazi ilitoka.

Binti alitupigia sisi kundi siku ya tano. Hakupaza sauti. Alisema, "Wamama zangu, mngeniambia. Ningerudi kwenye ile karte ya feza siku hiyo hiyo." Mwenyekiti wetu alimjibu kwamba mama yake ndiye aliyekataza. Akasema, "Najua. Lakini ninyi ni 25."

Alipofika kwake alifunga karte ya safari kabla dola 95 za mwaka wa tatu hazijaombwa. Alitueleza kwamba karte hiyo kwa mtu asiyesafiri mwaka unaokuja ni kulipa kodi ya nyumba usiyolala. Akarudi kwenye ile ya dola 2 kwa 100. Labda miaka mitatu ijayo atafungua nyingine tena, mama akiwa hai; amesema safari ijayo ataandaa visa mapema ili afike Kadutu.

Jumamosi iliyopita mama mzee alifika mkutanoni na dola 58, kwa sababu ada ya kutuma ilikula zilizobaki. Alihesabu 10 mbele ya mwandishi, kulipa deni la dawa. Zimebaki 85. Kisha alitoa foto ya Kigali, wao wawili na mama wa makala katikati bila kitenge chake cha juu, ikazunguka mkono kwa mkono. Mama wa makala aliitazama muda mrefu kuliko wote, akauliza kama binti anaweza kumtengenezea moja.