Aliyesimama Katikati

Jioni moja, mvua ikinukia kwenye milima ya Mbooni bila kushuka hadi kwetu Tawa, mjukuu wa ndugu yangu alinijia na daftari. Mwalimu wao ameagiza: kila mtoto alete wimbo mmoja wa mchezo kutoka nyumbani.

"Uwe wa Kikamba, Susu. Ule mliokuwa mkicheza nyinyi."

Ameniita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Nimeitwa hivyo kwa miaka kadhaa sasa, lakini jioni ile jina hilo lilinikaa mabegani kama kanga ya marehemu. Susu ninayemjua mimi ni mwingine. Amelala chini ya mwembe, na mimi bado namwita.

Nikafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa ini mini maini mo.

Kilikuja chenyewe, na mdundo wake wote. Kidole changu kilikuwa tayari kinagusa hewa: huyu, yule, huyu, yule. Ndivyo tulivyompata wa kukimbiza na wa kujificha, kwenye vumbi jekundu la uwanja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua maneno yale yalikuwa ya nini. Labda ndiyo sababu tuliyapenda. Neno lisilo na maana litamuumiza nani?

Nilishavuka miaka arubaini nilipokuja kujua. Marekani na Uingereza, kwa vizazi, aliyekamatwa kwa kidole cha mguu katika wimbo ule alikuwa mtu mweusi, tena kwa lile neno ambalo siliandiki hapa. Baadaye wenyewe waliingiwa na haya, wakamtoa, na mahali pake wakamweka chui milia. Mdundo haukupungua. Hata kidole cha mguu kilibaki kidole cha mguu.

Nimemfikiria sana chui huyo. Sina ugomvi naye; bora yeye kuliko tusi. Lakini aliyekuwa pale kabla yake alikwenda wapi? Aliachiliwa, au alifunikwa tu kwa ngozi ya mnyama, na yumo mle mpaka leo? Nasi, watoto weusi wa Tawa tuliosimama duara tukicheka, tulikuwa tukimhesabu nani?

Ukoo wa nyimbo hizo ni mkubwa. Mwaka 1868, Mmarekani Septimus Winner alitunga wimbo wa Wahindi Wekundu kumi wadogo. Mwaka uliofuata, Mwingereza Frank Green akawageuza kuwa weusi. Ubeti kwa ubeti wanapungua, huyu kwa hili na yule kwa lile, mpaka hapabaki mtu. Agatha Christie aliuchukua ukawa jina la riwaya yake ya mwaka 1939. Marekani jina hilo lilibadilishwa mwaka 1940. Ufaransa lilikaa kwenye jalada hadi mwaka 2020. Miaka themanini kati ya haya ya huku na haya ya kule.

Sisi shuleni tulipungua kwa chupa. Chupa kumi za kijani ukutani, moja inaanguka, zinabaki tisa. Haukuwa wimbo ule, lakini hesabu ni hiyo hiyo, na mpaka leo nashangaa jinsi mtoto anavyofundishwa kupoteza huku akipiga makofi.

Kwa nini ulimi wangu ulikimbilia huko, ilhali nimezaliwa na kukulia chini ya milima hii?

Wamishonari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, huku huku kwetu Makueni, mwaka 1895. Susu alizaliwa dini ikiwa imeshatia mizizi. Alipobatizwa, ngoma zilibaki nje ya mlango wa kanisa, na pamoja na ngoma vikabaki hata vitu vidogo visivyomdhuru mtu: vitendawili vya kuimbwa, michezo ya usiku wa mbalamwezi, makofi ya wasichana wakingoja maji kisimani. Sidhani kuna aliyekaa akaipima michezo ya watoto na kuihukumu. Iliondoka tu, kama punje zinavyoondoka na makapi ungo ukitikiswa kwa nguvu mno.

Lakini Susu alipokuwa kwenye mwethya, kazi ya kusaidiana, akichimba matuta na wanawake wenzake, nilimsikia akiimba chinichini, midomo karibu imefungwa. Ningeweza kujifunza pale. Tatizo ni kwamba niliporudi shuleni Jumatatu palikuwa na diski, kipande cha mbao chenye kamba, alichovishwa shingoni aliyesikika akisema Kikamba. Ukikivaa, unamtafuta mwenzako wa kumnasa kabla jioni haijaingia. Nikiufikiria sasa, huo nao ulikuwa mchezo wa kuhesabu. Huyu, yule, huyu, yule. Anayebaki nacho ndiye.

Basi nilijifunza kutosikia. Ni ujuzi, na niliupata vizuri.

Mtoto alikuwa bado anangoja, kalamu mdomoni. Ningeweza kumpa Ukuti Ukuti, ambao karibu kila mtoto wa Kenya anaujua. Lakini ukuti ni wa mnazi, na Tawa hakuna minazi. Mwalimu angecheka. Nikafumba macho, nikamtafuta Susu, si uso wake, mikono yake. Na kweli, kutoka mbali, mikono ikaanza: makofi mawili, kimya, kofi moja. Kisha duara. Kisha maneno, kwa Kikamba kile cha zamani kinachovuta mwisho wa kila tungo.

Furaha ilinipanda kooni. Nusura niimbe kwa sauti.

Ndipo nikakumbuka nani alikuwa anasimama katikati. Katikati alisimama Mkavi. Akavi ndivyo wazee wetu walivyowaita Wamaasai, tangu enzi za kunyang'anyana ng'ombe huko nyikani. Duara lilimfungia, likamtaja kwa namna anavyonuka na anavyokula, kisha likamfukuza mpaka adondoke. Susu alinifundisha akicheka. Hakuwa na chuki moyoni, huyo mwanamke. Sijui aliibeba ya nani.

Na mama yake mtoto huyu aliyekaa mbele yangu na daftari amezaliwa Kajiado, kwa Wamaasai.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kuku walikuwa wanapanda kulala. Ningeweza kumtoa Mkavi nikamweka fisi. Silabi zingetosha, na mdundo usingejua lolote. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kuupima ubadilishaji huo, na nikajiona: mimi ndiye sasa niliyemshika chui kwa kamba, namwingiza mnyama mwingine mahali pa mtu. Je, waliofanya vile kule mbali walihisi hivi? Walijua kwamba wanaokoa na kuficha kwa mkono ule ule? Na nikiacha wimbo ufe, nani atakayejua kwamba Susu alikuwa na mikono myepesi hivyo, kwamba aliwahi kuwa mtoto?

"Susu, umesahau?"

Ningesema ndiyo. Lingekuwa jibu jepesi, na umri wangu ungenitetea.

Nikamwambia anyooshe viganja. Makofi mawili, kimya, kofi moja. Alikosea mara ya kwanza, akakosea mara ya pili, ya tatu akashika. Viganja vyake vilikuwa na joto la chaki na mandazi. Tukaenda hivyo, mbio kidogo, mbio zaidi, hadi akaanza kucheka kicheko ambacho nakifahamu, na sikutaka kusimama.

"Na maneno yake?"

"Maneno, ngoja kwanza."

Akanitazama, kisha akainama na kuandika juu ya ukurasa, kwa herufi zake kubwa, Wimbo wa Susu. Akaruka mistari minne, akafunga daftari.